Meno ya Subira

Jumatatu, 4 Machi

Nimepewa hadi Jumamosi saa sita mchana. Hukumu imetolewa leo asubuhi na mke wangu, mlangoni, kamba ya kupimia mkononi, mbele ya mdogo wake. Shahidi yupo. Rufaa hakuna.

Mshtakiwa ni lori langu, Subira. Jina limeandikwa kwenye paji la uso wake kwa mkono wangu mwenyewe. Amekaa uani tangu nilipostaafu ualimu, pua imeelekea ukuta wa jirani, mgongo umeelekea geti. Mke wangu anautaka uwanja huo ajenge banda la kuku. Kuku amekwisha wachagua. Hajawanunua, lakini amewachagua, na mmoja ana jina.

Maneno yake nayanakili neno kwa neno, maana mkataba ni maneno:

"Likitoka uani kwa nguvu zake lenyewe, nitanyamaza mpaka nizikwe. Lisipotoka, mwenye vyuma chakavu anakuja saa sita na nyundo zake."

Shemeji yangu ni dereva wa basi, na kwa hiyo anadhani anajua magari, kama vile mlaji anavyodhani anajua kilimo. Akasema wahenga walinena subira huvuta heri, ila hii ya Mwalimu huvutwa na trekta. Dada yake akacheka mpaka akaishika nguzo. Nimeiweka moyoni.

Ugonjwa wa Subira naujua: difu. Nitaeleza, ingawa hakuna anayeuliza; mwalimu asiye na darasa hujifundisha mwenyewe. Difu ni lile bonge la katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani mna gurudumu kubwa la meno, jina lake krauni, na dogo lenye meno machache, jina lake pinioni. Injini humzungusha pinioni, pinioni humzungusha krauni, krauni huzungusha magurudumu. Ni kama nyumba yoyote: mdogo anakimbia, mkubwa anageuka taratibu, na wote wanadai wao ndio wanaoendesha mambo.

Subira ameng'oka meno. Krauni mpya na pinioni yake ninazo, zimo kwenye gunia chini ya kitanda. Mke wangu anadhani ni zawadi yake. Sijamsahihisha.

Kazi si kuzifunga. Kazi ni kuzipanga. Meno yakibanana mno yanaungua. Yakiachana mno yanagongana na kuvunjika. Kati ya hapo pana nafasi nyembamba kuliko ukucha, na nafasi hiyo ndiyo elimu.

Shemeji anasema nimwite fundi wa upande wa pili wa ukuta. Huyo watu humwita Sikio. Gari likiletwa, huinamisha kichwa, hufumba macho, husikiliza, kisha hutoa hukumu, na watu huja kutoka mbali kupanga foleni kwake. Mimi niliyechora gia ubaoni tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, nimwite mtu anayetibu kwa kusikiliza? Simwiti. Wala hatajua kwamba nina kazi. Atakuja kuona tu Subira akipita mlangoni kwake, kimya kama paka.

Kichwa cha difu, yaani kile kipande chenye meno yote ndani, nimekwisha kitoa. Kizito kama mgeni asiyeaga. Nimekivingirisha juu ya mbao mpaka barazani, nikakipandisha kwenye meza ya kulia kwa jeki na matofali. Njiani kilipinduka. Nikakiacha hivyo hivyo, tumbo juu, maana kimetulia vizuri zaidi. Kisha, kwa busara niliyojaliwa, nikachukua chaki nikaandika JUU kwenye upande unaotazama dari, ili siku ya kukirudisha nisikosee.

Mwanzo mwema. Tumekula chakula cha jioni kwenye mkeka.

Jumanne, 5 Machi

Ushindi mara mbili kwa siku moja.

Wa kwanza. Krauni inatakiwa ivalishwe kwa kubana sana kwenye kitovu chake. Mafundi wa mitaani huipiga nyundo. Mwenye elimu huipasha moto: chuma kikipata joto hutanuka, kikipoa hubana. Mke wangu alipokwenda sokoni nikateremsha sufuria yake kubwa, ile ya shughuli, nikaitia krauni ndani na maji, nikafunika, nikachochea moto.

Shemeji akaja na njaa, kama kawaida yake ya kupita tu. Akanusa. Akauliza kinachopikwa. Nikamwambia supu. Ya nini? Ya mifupa. Kabla sijamzuia amefunua, amechota na upawa, ameonja. Akaulamba upawa. Akasema haijaiva.

Nikamwambia bado kidogo.

Alipoondoka nikaiopoa kwa koleo, na krauni ikateleza mahali pake kama pete kwenye kidole cha bibi harusi. Boliti nimezikaza kwa msalaba, hii kisha ile inayoitazama, ili zisinung'unike kwamba nimependelea upande. Sufuria nimeisugua kwa jivu. Bado ina harufu, lakini harufu si ushahidi.

Wa pili. Ili kupima nafasi iliyo kati ya meno kunahitajika saa ya kupimia. Si saa ya kutazama wakati. Ni kidude chenye uso wa saa na kidole cha chuma. Kidole kikiguswa na kitu chembamba kama unywele, mshale unatembea. Mtaani hapa anayo mtu mmoja tu: Sikio. Ameitundika msumarini kando ya kalenda, kioo kimejaa vumbi. Haitumii. Ana masikio yake.

Kumwomba ni kujianika. Basi nikatunga hadithi: wanafunzi wangu wa zamani wanaandaa maonyesho ya vifaa vya kale, wameniomba mimi kama mlezi wao, na kadhalika. Nikaenda. Alikuwa ameinama akipiga tupa chuma, mimi nimesimama kushoto kwake. Nikaanza. Nilikuwa na utangulizi, nilikuwa na mifano, nilikuwa na hitimisho lililogusa mustakabali wa vijana. Hakuinua kichwa. Nilipomaliza nikainyooshea saa kidole. Akageuka, akanitazama mimi, akakitazama kidole, akaitazama saa.

Akasema, chukua.

Hakuuliza swali hata moja. Nimewahi kuhutubia wazazi na wakaguzi, lakini sijapata kumlaza mtu chali kwa ufasaha namna hii.

Jumatano, 6 Machi

Siku ya pinioni. Siku ngumu, lakini yenye heshima.

Nyuma ya beringi ya pinioni huwekwa vibati vyembamba kama karatasi. Ukiongeza kibati, pinioni inamsogelea krauni. Ukipunguza, inamkimbia. Kujua kama imefika panapotakiwa, unayapaka meno ya krauni rangi, unazungusha, halafu unasoma alama ambayo pinioni imeiacha. Alama ikikaa kileleni mwa jino, pinioni iko mbali. Ikizama shinani, imekaribia mno. Ikitua katikati, umshukuru Mungu na ufunge.

Rangi hiyo sina. Inatakiwa iwe nzito, ya mafuta, yenye kung'aa, isiyokauka upesi. Nimewaza tangu alfajiri. Kisha nikaingia chumbani, nikafungua droo ya mke wangu, nikatoka na rangi yake ya midomo. Ile nyekundu, ya kwendea harusi.

Niseme bila kujisifu: kiwanda hakijatengeneza rangi bora ya difu kuliko hii.

Nikapaka. Nikazungusha. Jino likambusu jino. Alama ikaonekana wazi, nyekundu, kileleni kabisa. Pinioni iko mbali. Nikang'oa beringi, nikaongeza kibati, nikarudisha beringi. Alama ikaporomoka shinani. Nikang'oa tena. Kila kung'oa ni jasho na kidole kilichochubuka, na maneno ambayo darasani nilikuwa nikiwachapa watu kwa kuyasema.

Katikati ya shughuli akatokea shemeji. Akayaona mashavu yangu, niliyokuwa nimeyafuta jasho kwa mkono wenye rangi. Akaiona kola ya shati langu. Nyekundu kotekote. Akatoka mbio kumfuata dada yake, kwa furaha ya mtu aliyeokota pochi.

Mke wangu akaja. Akasimama. Akaitazama kola, akaitazama krauni iliyopakwa rangi ya midomo meno yote, akakitazama kikopo cha rangi yake, kimebaki kisiki.

"Afadhali ungekuwa na mwanamke," akasema. "Mwanamke angekuwa amekwisha toka uani."

Halafu akauliza kama vyuma hivi ndivyo ile zawadi ya chini ya kitanda. Nikajifanya nahesabu meno.

Akaingia ndani. Nikamsikia akimwambia mdogo wake kwamba mwenye vyuma chakavu athibitishiwe: Jumamosi, saa sita, na aje na toroli. Sauti haikuwa ya hasira. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Mtu mwenye hasira hubadilika. Aliyechoka hupanga ratiba.

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi kichwa cha Sikio kilichomoza juu ya ukuta. Upelelezi! Nikaufunika mtambo kwa kitambaa cha meza, nikaweka sahani juu yake, nikajifanya nakula. Sahani ilikuwa tupu lakini nilitafuna. Akaendelea kutazama, ameegemeza kidevu kwenye tofali. Basi nikamwambia, kwa sauti ya chini na ya heshima, kwamba kuchungulia nyumba za watu ni tabia ya mtu aliyelelewa na fisi.

Akatabasamu.

"Na wewe pia, Mwalimu," akasema, akashuka.

Jibu kali. Nimelitafakari mchana kutwa.

Lakini hayo ni madogo. Leo saa tisa alasiri alama imetua katikati.

Nieleze vizuri. Nilikuwa nimebakiza rangi ya kupaka mara moja tu, niliyoikwangua kwa kijiti. Nikapaka. Nikageuza polepole, nimeishika krauni kwa mkono wa pili ili iwe nzito kidogo, kama inavyokuwa na mzigo. Jino likapita, likambusu mwenzake, likaondoka. Nikavaa miwani. Alama: nyekundu, ya mviringo kama yai, katikati ya jino, haikwenda juu wala chini, ndani wala nje. Nikatazama jino la pili. Yai. La tatu. Yai. Kisha nikaegesha saa ya Sikio, nikaitikisa krauni kwa kidole, na mshale ukaruka ukasimama pale pale unapotakiwa, bila kusita.

Nikakaa chini. Nilikuwa peke yangu barazani.

Maisha yangu yote nimefundisha gia kwa chaki. Nimechora krauni ubaoni mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu, na kengele ikilia naifuta. Wanafunzi wangu wamekwenda kuwa mafundi, wengine wana karakana kubwa. Mimi sijapata kugusa moja nikaizungusha ikazunguka. Leo imezunguka. Kama Subira atakwenda kwa nyundo Jumamosi, watakuwa wanavunja ubao wa kwanza ambao sikuufuta.

Hayatoki nje ya ukurasa huu. Mke wangu akiuliza kwa nini macho mekundu, ni vumbi.

Ijumaa, 8 Machi

Kichwa kimerudi kwenye ekseli! Na nimemtumia shemeji bila yeye kujua.

Peke yangu nisingeweza kukiinua. Kumwomba ni kumpa hadithi ya kusimulia stendi mwaka mzima. Basi nikakaa karibu na kile chuma, nikahema, nikasema kama najisemea kwamba zamani kulikuwa na vijana wenye mgongo, sasa wamebaki wenye usukani. Hakumalizia chai yake. Amekibeba upande mmoja kama kijiti, mishipa ya shingo imesimama, mimi nikisaidia zaidi kwa maelekezo.

Chini ya lori akauliza juu ni wapi. Swali la mtu asiyesoma kilichoandikwa. Nikamwonyesha chaki: JUU. Akasema matundu ya boliti yanaingia upande wowote, je, alama ikiwa imekosea? Nikachukua nafasi hiyo kumfundisha. Nikamweleza kwamba uso wa kichwa cha difu ni duara, matundu yake yamepangwa kwa nafasi sawa, na duara halina juu wala chini. Akasema kama halina juu, kwa nini niliandika JUU. Nikamwambia akaze boliti.

Nikatia oili. Nikauunganisha mhimili unaotoka kwenye giaboksi. Nikainua nyuma ya Subira kwa jeki, nikaweka magogo, magurudumu yakaning'inia. Nikapanda, nikawasha. Akakohoa kwa mara ya kwanza tangu alipoachishwa kazi, akatema moshi, akakubali. Nikatia gia ya kwanza.

Kimya! Hakuna kulia, hakuna kusaga meno. Magurudumu yanazunguka na difu haitoi hata mguno.

Mke wangu alikuwa akianika nguo. Akasimama akatazama gurudumu, ameshika shuka. Akauliza mbona linarudi nyuma. Nikazima injini ili nimweleze kwa utulivu. Jicho la binadamu, nikasema, halikuumbwa kwa vitu vinavyozunguka kasi. Gurudumu likienda mbele kwa kasi fulani, jicho huliona kama linarudi. Jambo hili linajulikana sana, wala asijione mjinga.

Akasema halikuwa na kasi.

Nikamwambia hapo ndipo jicho linapodanganya zaidi.

Jumamosi, 9 Machi

USHINDI. Nimeandika kwa herufi kubwa na bado naona ni ndogo.

Nianze na mahudhurio. Mke wangu barazani, kitini. Mwenye vyuma chakavu getini na toroli, nyundo mbili na uso wa mfiwa wa kukodiwa. Sikio naye akapita getini, amevaa shati safi. Shemeji akajipa kazi ya kuniongoza. Akasimama nyuma ya lori, katikati ya geti, mikono juu. Ilikuwa kabla ya saa sita. Nilihakikisha.

Subira pua yake ukutani, geti nyuma. Basi natoka kwa rivasi. Nikawasha. Nikakanyaga klachi, nikatia rivasi, nikamtazama shemeji kwenye kioo. Akaanza: "Rudi, Mwalimu, rudi, rudi."

Nikaachia klachi. Subira akaondoka.

Akaondoka kwenda mbele.

Kwanza nilidhani ni ukuta unaokuja. Nyuma nasikia rudi, rudi, na sauti inazidi kuwa mbali. Mtu mwingine angeshtuka. Mwalimu hashtuki, huchambua. Nikachambua: niko kwenye rivasi, rivasi hurudisha nyuma, kama bado sijarudi, basi sijakanyaga mafuta ya kutosha. Nikakanyaga.

Ukuta ulikuwa wa zamani, wa matofali ya kuchoma. Ulianguka kwa adabu, wote kwa pamoja, kama darasa lililoambiwa kaeni. Subira akapanda juu yake, akateremka, akaingiza pua yake kwenye lundo la matairi chakavu la Sikio, akatulia. Nikazima. Vumbi likashuka. Taa moja ya mbele ilitoka ikaviringika mpaka kwenye miguu ya mwenye vyuma chakavu, ambaye aliitia kwenye toroli bila kuuliza.

Hakuna aliyeumia. Nikatoa kichwa dirishani.

"Mama, limetoka uani?"

Mke wangu akasimama. Akautazama uwanja wake, mtupu, mpana, jua linawaka kila kona.

"Limetoka."

"Kwa nguvu zake lenyewe?"

"Zake," akasema, "na za kichwa chako."

Kisha akakaa, akajifunika kanga usoni, mabega yakawa yanatikisika. Shemeji akamkimbilia akidhani analia. Alikuwa anacheka. Mkataba haukutaja upande wa kutokea. Mwenye vyuma chakavu akaondoka na taa na nyundo zake. Na kabla vumbi halijaisha mke wangu amekwisha chimbia nguzo ya kwanza ya banda, pale pale yalipokuwa magurudumu, ili neno lisibadilike.

Sikio akavuka kifusi. Nikajua sasa anakuja kudai ukuta. Hakudai. Akapiga magoti kwenye ekseli ya nyuma. Nikangoja aegemeze sikio. Hakuegemeza. Akaweka kiganja kwenye tumbo la difu, akaniashiria niwashe. Nikamwendesha Subira taratibu, hatua mbele, hatua nyuma, naye akamfuata ameinama, kiganja hakibanduki, kama anayempima mtoto homa.

"Difu hailii, Mwalimu," akasema. "Meno yamekaa kama ya mtoto. Ila kichwa umekiweka miguu juu. Sasa una gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele."

Nikamwomba arudie ile sehemu ya kwanza.

Jumapili, 10 Machi

Sikio alikuja asubuhi. Hakuzunguka getini, amepita palipokuwa ukuta, kama mtu wa nyumbani. Nikampa kiti. Akakihamisha, akakaa kushoto kwangu, akanigeuzia upande wa kulia wa kichwa chake. Hakugusa chai.

"La kushoto lilikufa mwaka juzi," akasema. "La kulia nalo linaaga."

Sikuelewa. Akagusa sikio.

Akaeleza polepole. Zamani alilisikia jino likilia kabla mwenye gari hajalisikia. Sasa gari likija anainamisha kichwa kama zamani, anafumba macho kama zamani, watu wanangoja, na yeye hasikii kitu. Anaweka kiganja, anabahatisha. Mpaka leo amebahatisha vizuri. Lakini ni magari ya watu, na watu wanayapanda na watoto wao. Ndiyo maana Alhamisi alichungulia. Aliona kwamba nasoma meno kwa rangi, akatazama mpaka nilipomfukuza.

Nikauliza, kwa tahadhari, kama alisikia nilivyomfukuza. Akasema aliona midomo inakwenda, akadhani namtakia siku njema.

"Wewe unayaona meno, mimi nimebakiza mikono," akasema. "Ukuta umekwisha anguka. Tusiujenge, Mwalimu. Tufanye kazi pamoja."

Nikamwambia nitafikiria. Nikafikiria mpaka alipoinua kikombe, nikakubali. Siri yake ya masikio sikumwambia mtu, hata mke wangu. Yeye naye ameahidi hatasema chochote kuhusu miguu juu.

Nimetafakari jambo moja usiku huu. Kwa hiyo Jumanne, ile hotuba yangu ya maonyesho, hakusikia hata neno, na bado akanipa saa. Huo ndio ufasaha uliokomaa. Hauhitaji kusikika.

Kuhusu kichwa cha difu, nimefanya uchunguzi. JUU niliandika mimi, kwa mkono huu, upande uliokuwa juu. Hilo halina ubishi. Kwa hiyo baadaye alama ilihama. Ilihamaje? Chaki ni vumbi. Vumbi likilowa oili huteleza. Alama iliteleza pole pole kutoka upande mmoja hadi wa pili, wakati sisi tumelala. Kosa ni la chaki. Mtu hujifunza.

Alhamisi, 14 Machi

Siku ya fahari. Jumatatu Sikio na mimi tulimgeuza kichwa Subira, sasa anakwenda mbele kama wenzake, kimya kama nilivyoahidi. Juzi amebeba mbao za banda la mke wangu. Mke wangu alipanda mbele, karibu yangu, na rangi mpya ya midomo niliyomnunulia. Hakuna aliyetaja trekta.

Na leo asubuhi nani amekuja na kofia mkononi? Shemeji. Basi lake linalia difu. Akasema shikamoo tangu mlangoni, akaniita Mwalimu mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akauliza kama nitakuwa na nafasi. Nikamwacha asimame kidogo ili akili itulie. Kisha nikakubali.

Kazi nimeifanya peke yangu. Sikio nimemlazimisha aende kwa daktari wa masikio. Amenung'unika lakini amekwenda. Akiwa kwenye ngazi ya gari akageuka akaniambia nisikifunge kichwa cha difu ya basi mpaka arudi akitazame, juu na chini. Nikamtikisia kichwa kwa upendo. Uzee huleta wasiwasi.

Rangi nyekundu ilisoma meno, alama ikatua katikati kwa mara ya pili tu ya kujaribu. Yai! Na juu ya lile suala jingine sikuacha nafasi. Kabla sijagusa kitu, kichwa kikiwa kimetulia mezani, tumbo juu kama kinavyopenda kukaa, nikachukua rangi ya mafuta, ile ya kupakia mageti, nikaandika JUU kwa herufi za shubiri moja kwenye upande unaotazama dari. Nikangoja ikauke. Nikaimwagia oili makusudi. Nikaisugua kwa tambara. Haikuhama hata unywele.

Shemeji alisaidia kukiinua. Akauliza kama nina hakika. Nilimwonyesha rangi. Tukaning'iniza magurudumu, tukawasha, difu kimya kabisa. Akainama akasema kwa macho yake ni kama yanazunguka kinyume. Nikamweleza habari za jicho. Safari hii amesikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

Kesho alfajiri anaondoka kwenda kuwachukua abiria. Kila kitu kiko tayari. Banda nalo limekamilika leo jioni, limepigwa chokaa, kuku wameingia wenyewe wakapanga mstari, na yule mwenye jina amepewa nafasi ya dirishani. Mke wangu amekaa mlangoni kuwatazama mpaka giza likaingia.

Basi lake nimeliegesha kwa mkono wangu mwenyewe kabla sijalifungua difu, pale palipokuwa ukuta, pua imeelekea barabara ya upande wa Sikio, mgongo umeelekea banda. Shemeji hatahitaji hata rivasi. Gia ya kwanza tu, na kukanyaga mafuta.